Kiti cha Mkunga

Kiti kilivunjika watu wakiwa wanapiga makofi, ndiyo maana mwanzoni hakuna aliyesikia. Walimwona tu Bibi Mkunga akizama, kama mtu aliyeinama kuokota kitu, kisha mguu wa kiti ukateleza sakafuni hadi mbele ya jukwaa. Makofi yakakatika vipande vipande. Waliokaa nyuma waliendelea kidogo, wakidhani ni sehemu ya shughuli.

Ilikuwa siku ya kumuaga. Alikuwa amezalisha wanawake wa mji ule tangu ujana wake hadi magoti yalipoanza kugoma, na mji ukaamua kumshukuru kwa hotuba, maua na saa ya ukutani. Mama Sponji alikuwa amekaa karibu na mbele, amevaa gauni lake la kutokea. Watoto wake wote walipokelewa na mikono ile. Juu ya hayo, viti vyote vya ukumbi vilitoka karakana ya mumewe, na mito yake alikuwa ameishona yeye mwenyewe. Kabla ya shughuli kuanza alimnong'oneza jirani yake, "Umekalia jasho langu, kaa vizuri." Wakacheka.

Sasa alisukumana na watu kwenda mbele. Bibi Mkunga alikuwa amelala ubavu, uso umekuwa rangi ya majivu, anawaelekeza watu kwa sauti ile ile ya wodini. "Msininyanyue! Nyonga hiyo. Nyie, msininyanyue, tafuteni ubao."

Ubao ulipatikana, akatolewa. Ndipo msimamizi wa ukumbi alipokiokota kile kiti, akakigeuza juu chini mbele ya kadamnasi. Chini ya kikalio palikuwa na alama ndogo ya randa iliyochomwa kwa chuma cha moto. Hakuna mtu mjini asiyeijua chapa ile. Baba mkwe wa Mama Sponji ndiye aliyeianzisha, wakati karakana ikiwa banda la mabati na meza moja, na alikuwa akiwaambia wateja: kitu chetu kikiharibika, kirudi, hatuulizi nani kakalia.

"Aa," alisema msimamizi, "kumbe ni wale wale wa kujisifu."

Watu wakamgeukia Mama Sponji. Hakuna aliyemtukana. Walimpisha njia tu, kila mmoja akirudi nyuma kidogo, kama watu wanaompisha mtu aliyebeba ndoo ya maji machafu.

Karakana ilikuwa mbele ya kiwanja, nyumba nyuma yake, na kati ya viwili hivyo ua uliojaa mbao zilizopangwa zikauke. Mama Sponji alipofika, habari ilikuwa imeshamtangulia. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni, vumbi la mbao kwenye nyusi. Watu walimwita Pima, kwa sababu alikuwa mtu wa kupima hata kisichopimwa. Siku ya harusi yao alipima mlango kabla ya kumwingiza bibi arusi.

"Nyonga?" aliuliza.

"Nyonga."

Pima akageuka kumtazama mdogo wake, aliyekuwa akifagia takataka za randa bila haja, maana palikuwa pameshafagiliwa. Huyu jina lake lilikuwa Chapuchapu. Alikula kwao, alilala chumba cha uani, na kazi ya siku nzima aliimaliza kabla ya mchana huku akipiga mluzi. Mteja akitaka kitu haraka alimtafuta yeye. Mteja akilalamika, kaka yake alimtafuta yeye pia.

"Nilikwambia," Pima alisema. "Nilikwambia viti vile visitoke mbio mbio. Mbao hujazingoja zikauke. Umeunga kama mtu anayefukuzwa."

Chapuchapu alifungua mdomo, akamtazama kaka yake usoni kwa muda, kisha akaufunga.

"Sema basi!"

"Niseme nini, kaka?"

"Sema ni wewe!"

Mafundi wawili wa kuajiriwa walijifanya wanatafuta misumari. Mmoja wao, mkubwa kwa umri, alikohoa akasema labda tuseme kiti kilikaliwa na watu wawili. Ukumbini watu hawana adabu, hata mezani wanapanda. Mwenzake akaongezea kwamba bibi mwenyewe, tusifichane, ana mwili.

"Nyamazeni," alisema Mama Sponji.

Lakini Pima hakuwa akiwasikiliza. "Jina la baba limeburutwa sakafuni leo. Ondoka. Usikanyage humu mpaka nitakapokuita."

Chapuchapu aliegemeza ufagio ukutani kwa upole, kama mtu anayelaza mtoto. Akaingia chumbani kwake, akatoka na begi. Alipompita shemeji yake alisema tu, "Chakula changu msinibakizie," akatoka nje. Hakupiga mluzi.

Kesho yake Mama Sponji alikwenda hospitali na chupa ya chai. Mlangoni mwa wodi alimkuta mtoto wa kiume wa Bibi Mkunga, mwuza vipuri vya magari, mtu wa mabega mapana na macho yasiyolala tangu jana.

"Wewe ndiye wa viti?"

"Ni mimi, mwanangu. Nimekuja kumpa mama pole."

"Pole mmeshampa. Imemwingia mpaka kwenye mfupa." Akaitazama chupa. "Na hiyo chai, imeungwa vizuri au nayo itamwagika?"

Wauguzi wawili walisikia. Mmoja akaangalia kucha zake. Mama Sponji alihisi masikio yakimchoma, lakini hakuondoka. Alikaa kwenye benchi la korido, chupa mapajani, akangoja. Watu walipita na mashuka, na ndoo, na watoto wanaolia. Mwuza vipuri alitoka, akamkuta. Akaingia, akatoka tena, akamkuta. Mwishowe sauti ikatoka ndani: "Huyo mwanamke mwambie aingie kabla benchi nalo halijamvunjikia!"

Bibi Mkunga alikuwa amelazwa chali, mguu umefungwa uzito. Alionekana mdogo kuliko Mama Sponji alivyomjua.

"Wanasema watanitia chuma," alisema. "Nitakuwa nalia kengele nikipita. Haya, umekuja kuniambia nini?"

Mama Sponji alikuwa ameandaa maneno mazuri njia nzima. Yote yakayeyuka. "Tutagharamia matibabu, bibi. Na tunaomba radhi."

"Nani anaomba?"

"Sisi."

"Sisi ndiyo nani? Mimi nimezalisha mji huu. Sijawahi kukuta mtoto aliyezaliwa na 'sisi'. Kila mtoto alikuwa na mama yake, ananiangalia usoni, analia. Kiti kile nacho kuna mtu alikitengeneza. Sitaki kumpiga. Nataka aje hapo ulipokaa, aniambie kilivunjikaje. Basi. Nikilala hapa usiku ninachowaza ni hicho tu, kilivunjikaje." Akafumba macho. "Chai iache."

Ukumbini, msimamizi alimwacha Mama Sponji asimame kwenye jua kwanza, huku akizungumza na mtu wa viti vya plastiki. Vilikuwa vimepangwa pale kama mnara, vyeupe, vyepesi.

"Vizuri hivi," msimamizi alisema kwa sauti ya kusikika. "Kikivunjika unatupa, hamna ukoo wa kuulizana naye."

"Nimekuja kukichukua kile kiti," alisema Mama Sponji.

"Cha nini? Kuni?"

"Ni chetu."

Alikipata stoo, nyuma ya spika mbovu. Mto aliokuwa ameushona ulikuwa bado mzima, mshono haujaachia hata uzi mmoja, na hilo likamuumiza zaidi. Aliufunga mguu uliong'oka kwenye kikalio kwa kitambaa chake cha kichwani, akakibeba kiti kichwani, akaanza kurudi. Angeweza kupita njia ya nyuma. Alipita barabarani. Mwenye duka la nguo, mteja wao wa miaka mingi, alimwona akajifanya anahesabu mashati. Mwanamke mmoja aliuliza, "Mama, siku hizi mnapeleka viti majumbani?" na wenzake wakaangua kicheko.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa fundi wa baiskeli, rafiki wa Chapuchapu, ambako shemeji yake alikuwa amekaa kwenye tairi kuukuu, mikono imelegea, hajui aifanyie nini.

Alikishusha kiti mbele yake. "Nionyeshe ulipokosea. Bibi anataka kujua, na mimi nataka kujua ili nikuombee kwa kaka yako."

Chapuchapu hakukigusa. "Shemeji, usinitafute hapo."

"Kwa nini?"

"Niache tu. Nimekubali, yaishe."

Kukubali kwake kwa haraka namna ile ndiko kulikomfanya ainame. Mtu huyu alikuwa mbishi hata akiambiwa jua limewaka. Mama Sponji alifungua kitambaa, akashika mguu ule na kuugeuza. Ulimi wa ubao, ile ncha inayochongwa iingie kwenye tundu la mguu na kukamata, ulikuwa umekatika sehemu yake tu. Sehemu nyingine haikuwa imefika hata mwisho wa tundu. Palikuwa na uwazi, na uwazi umejazwa gundi na unga wa mbao. Mbao yenyewe ilikuwa kavu, kavu kabisa. Na kando ya ulimi kulikuwa na mstari wa kuchorea, mwembamba kama unywele, umekwaruzwa kwa ncha ya kisu. Kando yake mstari mwingine. Kisha wa tatu. Mtu alikuwa amechora, akakosea, akachora tena.

Chapuchapu alichorea penseli. Alikuwa nayo hata sasa, nyuma ya sikio. Kisu alikitumia mtu mmoja tu pale karakana.

Mama Sponji alikaa chini, kwenye vumbi na grisi, na gauni lake safi.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu mvua zile zilizopita. Mwanzo nilidhani amechoka. Halafu nikaona anapapasa patasi mezani, na iko mbele yake." Chapuchapu alijikuna kisogo. "Akienda kula, mimi nakagua kazi yake. Kilichopinda nafanya upya. Ndiyo maana namaliza yangu mapema, shemeji. Si kwamba nina kasi ya ajabu. Lakini viti vya ukumbi vilipotoka mimi nilikuwa safarini, mlinituma mbao."

"Na ukakubali kufukuzwa?"

"Sasa ningesema nini? Mbele ya wale mafundi? Kwamba Pima haoni?"

Mama Sponji alijiinamia. Yeye mwenyewe alikuwa ameona mambo. Mumewe aliacha kumchekesha kwa kumtungia uzi kwenye sindano, mchezo wao wa miaka. Alimwaga chai kando ya kikombe, akasema kikombe ni kibaya. Alinunua taa kubwa ya karakana, akanunua nyingine. Aliyaona yote hayo, akayaita uzee, akaendelea kushona.

Alirudi karakana, akangoja mafundi watoke kwenda kula. Pima alikuwa peke yake, anapiga msasa mguu wa meza. Jua liliingia kwa pembeni na vumbi lilikuwa linaelea. Mkewe aliweka kiti mezani mbele yake.

Pima hakuinama kuangalia. Alipeleka kidole gumba kwenye ule ulimi, akakipitisha taratibu, mara moja. Kikafika kwenye ile mikwaruzo. Kikasimama.

Nje mtu alikuwa anauza viberiti kwa sauti ya kuimba.

"Hii si mbao mbichi," Pima alisema.

"Hapana."

"Nilidhani ni taa." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Halafu nikadhani ni vumbi. Nikawa naosha macho asubuhi na jioni. Mstari nauona, mama, halafu unagawanyika, inakuwa miwili, najiuliza nikate upi." Akaketi kwenye gogo. "Nimemvunja mama wa watu nyonga."

"Ndiyo."

Pima alitarajia labda mkewe angesema hapana. Akamtazama, au akatazama mahali alipodhani uso wake upo. "Fundi asiyeona mstari ni nani?"

"Ni mume wangu, ndiye aliyekaa hapo. Na ni kaka wa mtu mmoja amelala kwa fundi baiskeli juu ya matairi makuukuu, anakula mikate mikavu kwa ajili yako. Amekuwa akirekebisha kazi yako tangu mvua zile, ukienda kula."

Pima alijishika kichwa. Mabega yakatikisika, na Mama Sponji hakumwambia anyamaze. Alichukua ufagio akawa anafagia kidogo kidogo, ili mafundi wakirudi wasikie kwamba kuna mtu anafanya kazi.

Kumwomba radhi mdogo wako si jambo jepesi kwa mtu aliyelelewa kuwa mkubwa. Pima alimkuta Chapuchapu akishika baiskeli wakati mwenzake anakaza mnyororo. Akasimama, akakohoa, akaisifu baiskeli. Akauliza bei ya pampu.

"Kaka," alisema Chapuchapu, "umekuja kununua pampu?"

"Njoo nyumbani. Shemeji yako amepika chakula kingi."

"Huo ndio msamaha wenyewe?"

"Unataka uwe na mito na kitambaa cha maua?" Kisha Pima akashindwa kuendelea na mzaha. Alimshika mdogo wake begani, kwa mkono uliokosea kidogo ukaanzia shingoni. "Nimekukosea. Mbele za watu nimekukosea. Nitasema mbele za watu."

Na alisema. Kesho yake asubuhi, kabla kazi haijaanza, aliwaita mafundi wote wawili, akawaonyesha kiti, akawaambia ulimi ule ni wake na macho yake hayafai tena mstari. Yule mkubwa, aliyependekeza uongo wa watu wawili, alitazama viatu vyake. Baadaye alimwambia mwenzake kwamba yeye alishajua siku nyingi, jambo ambalo halikuwa kweli.

Kisha wakaenda hospitali, mume na mke. Mwuza vipuri alikuwa pale pale mlangoni.

"Mimi ndiye niliyekitengeneza," Pima alimwambia. "Mama yako alitaka nije."

Kijana alikunja ngumi. Mama Sponji aliiona ile ngumi ikikunjwa na kukunjuliwa. Pima hakuiona, ndiyo maana hakurudi nyuma, na labda hilo ndilo lililomfanya yule kijana asogee pembeni.

Alimweleza Bibi Mkunga kila kitu akiwa amesimama: ulimi, tundu, mistari mitatu, gundi aliyojaza kwa sababu aliona aibu kumwita mdogo wake amsaidie. Bibi alimsikiliza bila kumkatiza, kama alivyokuwa akiwasikiliza wanawake wakimweleza maumivu yalianzia wapi.

"Kwa hiyo ulijua hakijafika mwisho," alisema.

"Nilijua kidogo. Nikajiambia kitakaa."

"Mm." Akavuta shuka kifuani. "Mimi niliacha kushona vidonda miaka kadhaa kabla ya kustaafu. Mkono ulianza kutetemeka. Nilimwambia msichana mmoja niliyekuwa naye wodini, shona wewe, mimi nitakuelekeza. Nililia chooni siku hiyo. Lakini nilimwambia." Akamwangalia Pima kwa ukali. "Wewe hukumwambia mtu, ndiyo maana mimi niko hapa. Sijakusamehe bado, maana bado inauma. Ila sasa nitalala. Na viti vingine vya pale ukumbini, navyo je?"

"Vyote vinarudi karakana, leo."

"Basi umesimama kufanya nini?"

Vilirudi kwa mkokoteni, safari baada ya safari, mchana kweupe, katikati ya mji. Mafundi wa karakana nyingine walitoka nje kutazama. "Mmeanza biashara ya kununua mitumba?" mmoja alipaza sauti. "Mitumba yetu wenyewe!" Chapuchapu akamjibu, na kwa mara ya kwanza tangu afukuzwe akapiga mluzi. Msimamizi wa ukumbi alitaka kujua itamgharimu nini. Alipoambiwa hakuna, alikasirika kidogo, kwa sababu alikuwa amejiandaa kugombana.

Wakavifungua vyote. Vingi vilikuwa vizima. Vilivyokuwa vibovu, vya mkono wa Pima, viliwekwa kando bila maneno. Chapuchapu alikata ndimi mpya, na kila ulimi kabla haujapakwa gundi ulipita mikononi mwa kaka yake. Pima alifumba macho kabisa, akapitisha kidole gumba. "Huu umelala kushoto," alikuwa akisema. Mwanzo Chapuchapu alibisha, akachukua kipimo, akakuta kweli. Baadaye akaacha kubisha, akawa anakasirika tu. Mama Sponji aliwasikia kutoka kwenye cherehani yake, na ilikuwa kelele nzuri.

Haikuwa rahisi. Wateja wawili walifuta oda zao. Seti ya makochi iliyokuwa nyumbani, ile ambayo Mama Sponji aliahidiwa kuwa haitauzwa kamwe, iliuzwa kulipia hospitali, na kwa muda walikula wamekaa kwenye magogo. Daktari wa macho alisema jicho moja lina mtoto wa jicho na linaweza kufanyiwa upasuaji. La pili lisitegemewe sana. Pima aliuliza kama ataona mstari wa kisu. Daktari akasema ataona mke wake. "Huyo namjua tayari," alisema Pima, na Mama Sponji akampiga kofi la bega pale pale mbele ya daktari.

Wateja walirudi polepole. Mwenye duka la nguo alikuja kuagiza rafu, akajieleza sana kuhusu siku ile ya kuhesabu mashati ingawa hakuna aliyemuuliza.

Bibi Mkunga walimtengenezea kiti cha mtu mwenye nyonga mpya: kirefu kidogo, mikono imara ya kujisukumia, mto mgumu kiasi. Chapuchapu alikata, Pima akakagua, Mama Sponji akashona na kufumua na kushona tena. Walikipeleka, wakapokelewa na mwuza vipuri, ambaye alikitikisa kwa nguvu zake zote, kisha akawakaribisha maji.

Wiki iliyofuata kiti kikarudi, kimebebwa na mwuza vipuri mwenyewe. Nyuma yake, kwa fimbo, hatua ndogo ndogo, alikuja Bibi Mkunga. Kazi ikasimama. Mama Sponji aliinuka kwenye cherehani.

"Kirefu mno," alisema Bibi Mkunga, akihema. "Nikikaa miguu inaning'inia kama mtoto wa shule. Mmepima nini, ukuta?"

Pima na Chapuchapu walitazamana, na nyuso zao zikafunguka pamoja. Hakuna aliyewahi kufurahia lalamiko namna ile. Pima alipiga goti moja sakafuni, akapapasa kutoka kisigino cha bibi hadi nyuma ya goti, akaonyesha kwa vidole ni kiasi gani kipunguzwe. Chapuchapu alikata miguu ya kiti palepale, bibi akisimamia kazi na kuwaambia wapi vumbi linamwingia machoni.

Alikaa. Nyayo zikagusa sakafu. Akasukuma mikono ya kiti, akainuka bila kushikwa na mtu, akakaa tena, akainuka tena. Mara ya tatu hakuinuka.

"Haya," alisema, akijiweka sawa. "Mke wa huyu mwanangu anajifungua karibuni. Namtafutia mtoto kitanda, si cha plastiki. Nataka cha hapa."

Mwuza vipuri alitazama pembeni, lakini hakukataa.

Chapuchapu alitoa penseli nyuma ya sikio. Pima alisimama, akajipangusa magoti, na kwa sauti yake ya zamani ya kupima kila kitu akauliza, "Mtoto mwenyewe atakuwa na urefu gani?"

"Hajazaliwa!" Bibi Mkunga akafoka. "Nyie watu, nitajuaje?"

Mama Sponji ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akalazimika kuushika mgongo wa kile kiti, na kiti, pamoja na bibi ndani yake, hakikutikisika.